Simu ya sarafu shuleni inameza hela hata usipopokelewa, halafu tunaambiwa "ndivyo ilivyo"!

Wakuu salaam. Nimerudi Nkuhungu sasa hivi kutoka kumtembelea binti yangu, yuko form two, bweni, huko njia ya Kondoa. Hata chai imenishinda kwa hasira.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, sawa, hilo siligombi. Shule ikaleta mtu akafunga simu ya sarafu nje ya ofisi ya matroni, ile ya mezani yenye laini ya kawaida ya mkononi ndani. Inakula mia mbili na jero tu. Mwezi mzima nalaumiwa: "Baba hupokei simu." Mimi nashinda sokoni Majengo na makelele yale, kuna saa kweli siisikii. Lakini mtoto anasema nisipopokea, hela hairudi. Jumapili moja zilimwishia 1,500 na hatukusemezana hata neno.

Leo nikaijaribu mwenyewe. Nikatumbukiza jero, nikapiga namba yangu. Ikaita mfukoni, nikaiacha. Haijafika hata mlio wa nne, ngo! Sarafu hiyo imeshuka sandukuni. Nikakata, nikaingiza kidole kwenye tundu la kurudishia: vumbi tupu (vumbi la Dodoma mnalijua). Jero ya pili nikapigia laini yangu nyingine niliyoizima makusudi. Yule dada anasema haipatikani, ngo! Matroni anacheka: "Mzazi, mashine ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo wapi? Nimekula ufundi simu miaka kumi na moja. Sarafu ikiingia inapimwa upana, unene na aina ya madini, ya bandia inatemwa. Iliyo halali haitakiwi kwenda sandukuni moja kwa moja, inasubiri kwenye kizuizi. Wakipokea, kizuizi kinafunguka. Wasipopokea, ukikata inakurudia. Uingereza walilimaliza hili mwaka 1925 bila kompyuta: vitufe viwili, A na B. Umepokelewa, bonyeza A, hela inadondoka na wa upande wa pili ndipo anaanza kukusikia. Hujapokelewa, bonyeza B, chukua chako uondoke. 1925 wakuu!

Najua atatokea mtu aseme mashine haiwezi kujua kama umepokelewa. Enzi za waya ningemwelewa kidogo: mtambo wa simu ndio ulioleta ishara, mfano kugeuza chanya na hasi kwenye laini, na asiyekuwa na ishara hiyo aliweka saa ya kukisia. Zikipita sekunde kadhaa tangu upige, umelipa. Hii ya shule ina laini ya mkononi. Mtandao unaiambia palepale kwamba mtu kapokea, ndiyo maana hata kiswaswadu chako kinaanza kuhesabu sekunde ukipokelewa, si ukibonyeza kupiga. Na salio la laini ile halikatwi nisipopokea. Sasa hela ya mtoto inakwenda kwa nani?

Ama aliyefunga kaweka saa ya kukisia makusudi, ama kazi haijui. Ufunguo wa sanduku anao yeye, matroni anasema huja kila mwisho wa mwezi kukomba. Kwa kukomba hakosei tarehe.

Mwenye mtoto kwenye shule yenye simu ya namna hii, siku ya kutembelea fanya jaribio la mfukoni uje utupe majibu hapa. Buku langu limebaki mle ndani. Jumatatu nalifuata.