Naomba ushauri: haidrojeli inalegea kwenye joto la mwili

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, natengeneza haidrojeli (jeli inayoshika maji mengi) ya alginati inayotokana na mwani, iliyochanganywa na nanoselulosi (nyuzi ndogo mno) ya migomba, iwe kiunzi cha kukuzia seli za ngozi. Ikitoka kwenye maji ya kalsiamu kloridi, ambayo kalsiamu yake ndiyo inaigandisha, inashika vizuri, ukiibonyeza inarudi. Nikiiloweka kwenye maji ya chumvi yenye fosfeti, nyuzi 37, inavimba, kingo zinateleza, kisha inamegeka. Nahisi fosfeti na sodiamu zinainyang'anya kalsiamu. Nimeongeza kalsiamu, lakini nje panakakamaa na ndani panabaki uji. Nanoselulosi nikiizidisha inafanya mabonge, inaniuma kwa kweli, maana migomba huku tunayo tele.

Je, nihamie kalsiamu kaboneti na glukonolaktoni (inayotoa asidi polepole na kuiachia kalsiamu) ili igande sawasawa hadi ndani? Na mabonge nayavunjaje bila mashine ya mawimbi ya sauti?