Ramani ya miinuko ya Uganda nzima inajikokota kwenye seva. Niongeze RAM kiasi gani?

Mto_Manafwa (mleta uzi)
Wakuu, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa. Nina ramani ya mwinuko ya Uganda nzima, faili moja la GB 62, ninaihudumia kwa MapServer, programu ya kutoa ramani mtandaoni. Wanaoitumia ni maofisa wa wilaya za Mlima Elgon, wengi wanafungua kwa simu wakiwa Bududa au Sironko, na mtandao wa huko mnaujua. Kigae cha kwanza, yaani kipande kidogo cha picha ya ramani, kinatokea baada ya sekunde kumi au zaidi, vingine havitokei kabisa. Nikajaribu kuchora vigae vyote mapema mpaka ngazi ya 18 ya ukuzaji. Usiku wa pili kazi ikakatika, seva ikasema diski ya GB 250 imejaa, nami nikitazama nafasi naona nyingi bado iko wazi. Mvua zinakaribia. Swali langu ni moja tu: GB 128 za RAM zitatosha, au niende 256?

pikseli_36N
Nianze na diski, maana hilo lina jibu fupi. Andika `df -i` badala ya `df -h`. Kilichokwisha si nafasi, ni namba za kuandikisha mafaili. Mfumo wa mafaili wa ext4 usipoelekezwa vingine hutenga namba moja kwa kila KB 16, kwa hiyo diski ya GB 250 inabeba mafaili kama milioni 15. Uganda ina upana wa nyuzi tano na nusu hivi, na urefu unaokaribia sita. Ngazi ya 18 peke yake inadai vigae karibu milioni 17. Isingeweza kutoshea hata kila kigae kingekuwa baiti moja.

Ngazi ya 12 ni vigae 4,100 na ushei. Ya 13 ni kama 16,400. Kila ngazi ni mara nne ya iliyotangulia. Ya 18 umeifuata nini?

Mlinzi_wa_Datum
Tukiwa hapo hapo, faili liko kwenye mfumo gani wa kuratibu? Watu wengi huibandika Uganda nzima kwenye UTM 36 Kaskazini (UTM huigawa dunia kwa kanda za nyuzi sita) wakasahau kwamba ukanda wa 36 unaanzia nyuzi 30 Mashariki. Kisoro iko magharibi ya hapo, ukanda wa 35. Na ikweta inakata nchi, kwa hiyo ukanda wa kusini unaongezewa mita 10,000,000 kwenye namba ya kaskazini na wa kaskazini hauongezewi. Zaidi ya hapo, karatasi za zamani za 1:50,000 ziko kwenye msingi wa vipimo wa zamani, Arc 1960 (kwenye orodha ya mifumo ni EPSG:21096 kwa 36 Kaskazini), wakati data za setilaiti ziko kwenye ule wa WGS84. Ukizilaza moja juu ya nyingine bila kubadilisha, mto unapanda kilima.

DadaVigae
Hayo ni ya kweli, lakini hayachelewishi kigae sekunde kumi. Kaka Manafwa, tubandikie matokeo ya `gdalinfo`, amri inayoeleza faili limepangwaje. Nataka mistari mitatu tu: Size, Block na Type. Na kama kuna mstari wa Overviews, huo pia.

Mto_Manafwa
Faili ni GeoTIFF ya kawaida dada, halina tatizo, kwenye programu ya QGIS linafunguka vizuri. Tusipoteze muda huko. LPO, yaani hati ya kuagiza, ya seva mpya imeshaandikwa, nimebakiza kujaza kiasi cha RAM. Wazo langu ni kwamba faili lote likikaa kwenye RAM, diski haitaguswa tena.

Fundi_Nakasero
Ndugu, unanunua dawa kabla ya kupimwa. Hela ya umma ikishatoka hairudi, na kesho utaulizwa kwa nini seva ya bei hiyo bado inajikokota. RAM inasaidia faili likishasomwa mara ya kwanza. Umeme ukikatika, seva ikiwaka upya, mnaanza sifuri, GB 62 zote zinasomwa tena kutoka kwenye diski. Na siku ya mvua kubwa ndiyo siku umeme unapokatika.

Anga_Mbale
Mimi nauliza data yenyewe imetoka wapi. Kama ni SRTM, ile data ya mwinuko wa dunia, ilipigwa kwa rada kutoka kwenye chombo Endeavour, Februari 2000, siku kumi na moja tu, antena ya pili ikiwa imenyooshwa kwenye mlingoti wa mita 60. Rada ile haipenyi majani yote. Kwenye msitu mnene, Mabira au miteremko ya juu ya Elgon, unachosoma kiko karibu na vilele vya miti kuliko udongo. Msitu uliokatwa baada ya mwaka 2000 bado umesimama ndani ya ramani hiyo. Kwa anayetafuta maporomoko hilo ni jambo kubwa kuliko kasi.

Mlinzi_wa_Datum
Ngoja. Nimepiga hesabu, na uzi huu naona umetungwa.

SRTM ya sekunde moja ya tao (kama mita 30) ni vipande vya digrii moja kwa moja, pikseli 3601 kwa 3601, baiti mbili kila pikseli. Hiyo ni karibu MB 26 kwa kipande. Kuanzia S02 mpaka N04, E029 mpaka E034, ni vipande 42 ukihesabu hata vya pembeni visivyogusa nchi. Jumla GB 1.1. GB 62 zimetoka wapi? Mtu hawezi kuwa na faili hilo akalisumbukia wiki nzima bila kujua lina nini ndani. Ama huna faili, ama unatupima. Bandika gdalinfo au tufunge mjadala.

Mto_Manafwa
Sijatunga kitu. Hii hapa:

`Size is 122400, 127200`
`Block=122400x1 Type=Float32`

Mstari wa Overviews haupo. Data asilia ni SRTM ya mita 30. Nimeipanua mpaka mita 5, kwa sababu hati ya kazi inasema ramani iwe ya mita 5. Sikuona umuhimu wa kulitaja kwa kuwa swali langu lilikuwa la seva. Na kupanua si kosa, pikseli ndogo inaonekana laini zaidi ukisogeza karibu.

DadaVigae
Asante kwa kubandika. Ugonjwa wote uko kwenye mstari wa pili.

Block=122400x1 maana yake faili limepangwa kwa mistari, kila mstari umetoka mpakani mpaka mpakani. Mstari mmoja ni pikseli 122,400 mara baiti 4, karibu KB 490. Ofisa wa Bududa anaomba kigae kimoja cha pikseli 256 kwa 256 kwenye ngazi ya 15. MapServer inahitaji KB 262 za data, lakini ili izipate inasoma mistari 256 kamili, kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Kenya. Hiyo ni MB 125. Skrini ya simu ina vigae kama 12, na kila kimoja ni ombi lake. GB 1.5 kwa mguso mmoja wa kidole! Diski inayosoma MB 150 kwa sekunde inakupa hizo sekunde kumi unazozilalamikia.

Akirudi nyuma kuitazama nchi nzima ni vibaya vilevile. Hakuna piramidi, yaani zile nakala zilizopunguzwa nusu kwa nusu. Ukiwa umeandika RESAMPLE=AVERAGE, faili lote linasomwa ili kutoa picha ya pikseli 500. Ukiiacha kwenye pikseli ya jirani, inaruka mistari, inapata nafuu ya kasi, lakini milima inatoka na chengachenga.

Na kuhusu ulaini: ulipanua kwa njia gani?

Mto_Manafwa
Kwa amri ya gdalwarp, bila kuandika -r ya kuchagua njia. Nilidhani yenyewe huchagua iliyo bora.

Anga_Mbale
Bila -r inachagua jirani wa karibu. Kwa hiyo kila mraba wa mita 30 umekuwa vimiraba 36 vyenye namba ileile, halafu ghafla ngazi. Ukihesabu mteremko hapo unapata sifuri, sifuri, sifuri, kisha ukuta. Mteremko wa Bududa unaoua watu umegeuka matuta ya kulima. Kama kuna ramani ya hatari iliyotoka kwenye faili hilo, iondoeni leo, msingoje seva. Watu walifukiwa Nametsi, huko Bududa, Machi 2010, na kuna familia zitakazoambiwa zihame au zibaki kwa kutazama rangi hizo.

Mto_Manafwa
Ipo, ilitoka wiki iliyopita. Naiondoa sasa hivi. Lakini mita 5 iko kwenye hati, siwezi kuifuta mimi.

Fundi_Nakasero
Hati ni ya kurekebishwa kwa barua. Waandikie kwamba chanzo ni mita 30, na uiweke "mita 30" kwenye maelezo ya ramani kila mtu aione. Ya mita 5 kweli inapatikana kwa kupima, kwa ndege au droni. Haitoki kwa gdalwarp.

DadaVigae
Twende kazi. Rudi kwenye vipande vya asili, lile la GB 62 liache.

`gdalbuildvrt -srcnodata -32768 ug.vrt *.hgt`

`gdalwarp -t_srs EPSG:3857 -tr 19.109 19.109 -r bilinear -ot Float32 -dstnodata -32768 -co TILED=YES -co BIGTIFF=YES ug.vrt ug3857.tif`

`gdal_translate -of COG -co COMPRESS=DEFLATE -co PREDICTOR=YES -co BLOCKSIZE=512 -co OVERVIEW_RESAMPLING=AVERAGE -co BIGTIFF=YES ug3857.tif ug_cog.tif`

Mita 19.109 ni pikseli ya ngazi ya 13 kwenye ikweta. Ya 12 ni mita 38, ingepoteza kidogo. Ya 14 haina jipya la kuonyesha. Float32 nimeiweka kwa sababu SRTM ni mita nzima, na ukiichanganya kisha ukaikadiria tena kwa mita nzima inarudisha yale matuta. BIGTIFF usiisahau: hizi ni pikseli bilioni moja na zaidi mara baiti 4, unavuka GB 4, na TIFF ya kawaida inakatikia hapo baada ya kukusubirisha. Pengo la -32768, yaani alama ya pikseli isiyo na data, lazima litajwe. Lisipotajwa, wastani wa piramidi unalichanganya na milima halali, unapata mashimo yanayokua kila unaporudi nyuma.

COG, yaani GeoTIFF iliyopangwa kwa vigae na piramidi, inahitaji GDAL 3.1 au zaidi. Kwenye MapServer weka `PROCESSING "RESAMPLE=BILINEAR"`, iendeshe kwa FastCGI ili isiwashwe upya kwa kila ombi, chora vigae mpaka 13 tu, kama 22,000 kwa jumla. Kwenye Leaflet, inayoonyesha ramani kwenye simu, weka `maxNativeZoom: 13`. Simu yenyewe itakuza picha, seva haiguswi.

pikseli_36N
Naongeza mawili. Kivuli cha milima kitoe kwenye `ug3857.tif`, usikitoe kipande kwa kipande. `gdaldem` huacha ukingo wa pikseli moja mtupu usipoandika `-compute_edges`, na mshono wa vipande uko kwenye latitudo 1 Kaskazini, ambayo inapita Bududa kwenyewe. Pale pale unapohitaji ramani safi ndipo mstari mweusi utakapotokea. Mizani ya EPSG:3857, mfumo wa ramani za mtandaoni, isikutishe, kwetu karibu na ikweta inapotoka chini ya asilimia 0.3 hata ukifika nyuzi 4.

La pili: ukitaka simu isome mwinuko bila kurudi kwenye seva, tumia vigae vya Terrarium, vinavyobeba mwinuko ndani ya rangi nyekundu (R), kijani (G) na bluu (B). Mwinuko ni R mara 256, jumlisha G, jumlisha B gawanya kwa 256, toa 32768. Kilele cha Elgon, Wagagai, mita 4,321, ni R 144, G 225, B 0. Iwe PNG. JPEG ikiipotosha R kwa moja tu, umekosea mita 256. Kivuli kinaweza kuwa JPEG, kile ni cha macho tu.

Mto_Manafwa
Nimemaliza usiku. GB 62 zimekuwa 2 na ushei. `Block=512x512`, piramidi zipo, kigae hakifiki sekunde. Seva ni ileile ya GB 8. Barua ya kurekebisha hati nimeipeleka, na kwenye LPO nimeomba RAM ifutwe iwekwe SSD mbili na betri ya kushikilia umeme. Ila Wagagai inasoma 4,309, siyo 4,321.

Anga_Mbale
Ni sawa, iache. Pikseli ya mita 30 inabeba wastani wa eneo lake, kilele chembamba hupungua. Kingesoma juu zaidi ya 4,321 kwa kiasi hicho ndiyo ningeshtuka. Sasa pima ziwa: Victoria isome karibu 1,134 na iwe tambarare kote.

Mto_Manafwa
Tambarare kote.