Mawakala watano wa AI, mmoja kapatia, halafu KAOMBA RADHI!

Wakuu, hapa nimefura. Ule mfumo wa ushauri wa mazao mnaujua wote, simtaji mtu: mawakala watano, yaani programu za akili mnemba, wanajibu, wanasoma majibu ya wenzao, kisha wanapiga kura. Mkulima wa Isyonje, Mbeya, katuma picha ya viazi vilivyonyauka na maelezo: shina limekatwa, limetumbukizwa kwenye glasi ya maji safi, ute mweupe ukachuruzika. Mnyauko wa bakteria huo, hata mbuzi wa Uyole anajua! Mawakala wanne wakasema baka jani, piga dawa ya ukungu. Wa tano akasema mnyauko, akaitaja na glasi. Raundi ya pili akasomeshwa majibu ya wenzake, akaandika: "Naomba radhi, wenzangu wako sahihi." RADHI! Ute kauona, anaomba radhi! Kura 5 kwa 0, ripoti ikatoka na "uhakika wa juu". Mnyauko hauna dawa ya kupuliza, unang'oa shina na udongo wake. Radhi ya nini jamani?

Kiazi_Mviringo: 😂 Huyo apewe uenyekiti wa kamati ya harusi, hana ugomvi na mtu.

Fundi_Kabwe: Punguza mapovu mkuu. Wote wanaendeshwa na modeli moja, yaani ubongo mmoja wa AI, maagizo yale yale: hiyo ni kama kura moja iliyopigwa mara tano. Hesabu ya Condorcet, yule mwanahisabati Mfaransa, ya 1785 kuhusu kura ya wengi kupatia jibu, inataka kila mpiga kura aamue kivyake, na awe anapatia zaidi ya nusu. Raundi ya kwanza iwe ya siri, kila mmoja aandike ushahidi wake. Anayetaka kubadili ataje ushahidi mpya. Akikosa, kura yake ya mwanzo inabaki.

Mleta mada: Sawa, lakini KUOMBA RADHI?

Mchele_Kyela: Si muweke hakimu tu, AI nyingine ichague jibu bora.

Fundi_Kabwe: Hakimu naye modeli. Mpe majibu mawili, kisha yageuze mpangilio. Uamuzi ukigeuka, alikuwa anachagua nafasi. Na mara nyingi anapenda jibu refu.

Babu_Tukuyu: Lamport na wenzake, wataalamu wa kompyuta, 1982: kundi likubaliane licha ya msaliti mmoja ndani yake, unahitaji wanne kwa jumla. Hapa walikuwa watano!

Fundi_Kabwe: Msaliti MMOJA, babu. Hapa wamepotoka wanne kwa mpigo.

Makambako_Stendi: Mnahangaika na kura huku viazi vinafungwa lumbesa. Gunia limeshonewa kilemba, bei ya gunia moja!

Kiazi_Mviringo: Njombe ndiyo usiseme. Mizani ipo, imefunikwa turubai.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye radhi...

Mchele_Kyela: Na ushuru wa geti je? Hivi soko la Mwanjelwa leo gunia bei gani?