Tupeane uzoefu: kufufua baraza ya mbao iliyochakaa

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, nyuma ya nyumba yangu kuna baraza ya mbao iliyopigwa jua na mvua kwa miaka 12, na mwaka huu niliamua kuifufua mwenyewe. Nawaomba mliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yenu mweleze mlichofanya na kilichotokea, kwa kuwa maelezo yaliyo kwenye makopo ya rangi hayatoshi.

Nianze na yangu. Mbao zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu, nami nikaamini kwamba zimeoza zote. Baadaye nilielewa kuwa weupe ule ni wa juu tu: miale ya jua huvunja lignini, yaani kile kinachogandisha nyuzi za mbao, kisha mvua huisomba na kuacha nyuzi zilizopauka. Kwa hiyo nilichukua bisibisi nikadunga ubao mmoja baada ya mwingine, hasa kwenye ncha, ambako maji hunyonywa upesi kuliko ubavuni. Mbao nne tu ndizo zilizoingilika kama udongo mbichi, nikazibadilisha. Kilichonishtua kilikuwa chini yake: boriti moja ilikuwa imeoza upande wa juu, mahali ambapo majani makavu yalijaa katika nafasi kati ya mbao na kushika unyevu. Laiti ningeanza na rangi, ningeipendezesha baraza ambayo siku moja ingemwangusha mtu.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilikosea kwenye kuosha. Nilikodi mashine ya maji ya presha, nikasogeza mdomo wake karibu mno, na mbao zikachanika nyuzi hadi mtu asiweze kutembea peku. Ilinilazimu kupiga msasa baraza nzima, kazi ambayo nisingeihitaji kama ningetumia sabuni, maji na brashi ngumu kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Madoa meusi yaliyozunguka misumari hayakutoka kwa sabuni. Yaliondoka nilipopaka asidi ya oksaliki, huku nimevaa glavu na miwani, kisha nikasuuza kwa maji mengi. Misumari yenyewe niliing'oa nikaweka skrubu zisizoshika kutu.

Mchangiaji wa pili

Ndugu, kuhusu msasa nina la kuongeza. Nilidhani kadiri ubao unavyokuwa laini ndivyo kazi inavyokuwa bora, nikamalizia na msasa laini, namba 220 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi). Mafuta ya kukinga mbao yakakataa kuingia, yakabaki juu yakinata kwa wiki nzima. Niliporudia kwa namba 60 kisha 80, yalinyonywa vizuri. Sasa kabla ya kupaka humwaga matone machache ya maji juu ya ubao: yakizama upesi, mbao iko tayari kupokea mafuta, yakisimama, bado kuna mafuta ya zamani, au msasa umeziba vinyweleo. Baada ya kuosha nasubiri siku kadhaa za jua, hata kama uso unaonekana mkavu.

Mchangiaji wa tatu

Kabla ya kushika msasa, tafadhali chunguzeni umri wa baraza. Mbao nyingi za zamani zilitiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Huko Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao za nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Vumbi lake ni sumu. Ya kwetu ilikuwa ya namna hiyo, hivyo hatukuipiga msasa kabisa. Tuliisafisha taratibu kwa brashi laini na kuipaka kinga, na mabaki ya mbao tulizong'oa hatukuyachoma.

Mchangiaji wa nne

Vanishi ya ndani ya nyumba isipakwe nje. Yangu ilibanduka kama magamba kabla ya mwaka kwisha.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana, na hilo la aseniki limenigusa, kwani sikuwa nimelifikiria. Nami niongeze jambo nililolisahau. Nilipaka mafuta ya kitani, nikafuta yaliyozidi, kisha nikayarundika matambara kwenye ndoo. Baada ya saa chache nilisikia harufu ya kuungua, na nilipoigusa ndoo ilikuwa ya moto, ingawa hapakuwa na kiberiti karibu: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa hulifungia ndani. Sasa nayatandaza nje, moja moja, juu ya zege, na siondoki mpaka yakauke.