Tupeane uzoefu: bodi za akustika ukutani, zinazuia kelele za jirani kweli?

Mama Zuu
Wapendwa, salaam. Nipo Ngamiani, Tanga, nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye spika kubwa. Binti yangu anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, usiku hasomi wala halali. Fundi mmoja kaniambia nibandike bodi za akustika ukuta mzima, na bei yake si ndogo. Waliowahi kuweka naomba mseme ukweli: kelele zilikatika, au ukuta ulipendeza tu?

Fundi Dari
Dada yangu, subiri kwanza usitoe hela. Bodi hizo ninazifunga, na ni nzuri kwa kazi yake, ila kazi yake siyo hiyo unayoitaka. Mwaka jana nilizifunga kwenye chumba cha kurekodia kaswida pale Chumbageni. Kabla ya bodi, ukipiga kofi mle ndani, kuta za plasta na marumaru zinalirudisha kofi mara kadhaa. Tulipomaliza, kofi likawa linakufa palepale. Vijana walifurahi sana, sauti zao zikawa safi. Lakini bodaboda za nje ziliendelea kusikika kama kawaida.

Sababu ni kwamba bodi hizi ni nyepesi na zina matundu. Zinanyonya mwangwi wa sauti iliyomo chumbani. Kuzuia sauti isipenye kunataka uzito, nafasi kati ya kuta, na kuziba kila upenyo. Ukuta ukiuongezea uzito mara mbili unapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6 tu, na sikio linahitaji desibeli 10 hivi lione kelele imepungua nusu. Tofali la inchi 6 lililopigwa plasta pande zote mbili tayari ni zito, peke yake linakata desibeli 40 na zaidi. Kwa hiyo jiulize kelele inapita wapi. Chukua tochi, panda darini.

Bint Makorora
Fundi kasema kweli tupu. Kwangu ukuta uliishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, juu yake ni kenchi (mbao za paa) na bati, uwazi mmoja kwa vyumba vyote. Nilikuwa nasikia kijiko cha jirani kikigonga kikombe! Mwenye nyumba nilimwomba kwa upole akakubali tukatane kwenye kodi. Tukapandisha tofali mpaka chini ya bati, tukaziba kwa udongo wa saruji kila palipopita mbao. Mazungumzo ya jirani siyasikii tena. Besi ya muziki bado inapita kidogo, lakini nalala.

Mzee wa Mabawa
Naomba niwaonye vijana: trei za mayai na vipande vya godoro ukutani havizuii kelele, na moto ukishika humo moshi wake unaua. Mtu asilaze mtoto kwenye chumba kama hicho.

Kaka Raskazone
Mimi nilikuwa na shida ya besi, nikajenga ukuta wa pili. Fremu ya mbao tuliisimamisha bila kugusa ukuta wa tofali, ndani yake pamba ya mawe, juu tabaka mbili za jipsam bodi, maungio ya tabaka la kwanza yasikutane na ya tabaka la pili. Pembeni kote tukapitisha silikoni. Chumba kimepungua kama sentimita 10 na soketi ilibidi zihamishwe, lakini tofauti ni kubwa mno, mke wangu ndiye shahidi. Huku kwetu karibu na bahari chagueni jipsam ya kijani inayohimili unyevu, na ukuta unaovuja masika utibiwe kabla haujafunikwa. Ukiufunika na maji yake, ukungu unakula bodi kwa nyuma na hutaona mpaka itoe harufu.

Shangazi Mikanjuni
Na dirisha je? Luva za vioo hazizibiki hata ufanyeje. Nilibadilisha nikaweka la bawaba lenye mpira pembeni, likifungwa linabana. Joto la kaskazi linatesa, feni haizimwi. Mlango nao ule uwazi wa chini upigiwe mpira.

Wa Muheza
Wakuu, makumbi ya nazi yamejaa huku. Hayafai badala ya pamba?

Fundi Dari
Nyuzi za makumbi zinanyonya sauti, hasa zikiwa nene. Ndani ya fremu zinaweza kusaidia. Ila zinashika moto upesi na panya wanazipenda. Mimi kwa chumba cha kulala siziweki.

Mama Zuu
Nimepanda. Ukuta umeishia kwenye lenta kweli, mwanga wa taa ya jirani nauona kabisa. Allah awalipe. Tofali za inchi 5 zitatosha pale juu?

Fundi Dari
Zinatosha, dada. Piga plasta angalau upande wako, maana tofali tupu linapitisha sauti kwenye vitundu vyake. Na huyo jirani zungumza naye mapema, mkiwa na mjumbe. Shirika la Afya Duniani lilishauri chumba cha kulala usiku kisizidi desibeli 30, na sisi tuna kanuni za kelele na mitetemo tangu 2015 chini ya sheria ya mazingira. Akipunguza besi na wewe ukaziba juu, bodi hutazihitaji.