Kompyuta za shule: ukurasa wa kwanza uwe Google, Wikipedia au nini?

Mwl_Newala
Wakuu, habari za Jumapili. Shuleni tumepata kompyuta za mtumba na mkuu wa shule amenikabidhi chumba. Kila kivinjari kikifunguka, kinaleta Google. Mwanafunzi anaandika swali zima kama lilivyo ubaoni, anabeba mstari wa juu kabisa, anapesti, kazi imeisha. Ukimuuliza umetoa wapi, anakujibu "Google". Sasa Google imeandika nini? Nataka kubadilisha ukurasa wa kwanza. Je, kuna tovuti ya marejeo inayoweza kushika nafasi yake, Wikipedia, Britannica au nyingine, au najidanganya? Bando letu ni la kuungaunga, mlizingatie hilo.

Fundi_Ligula
Mwalimu, hivyo ni vitu viwili. Google inapita kwenye kurasa za watu, inazitunza kwenye faharasa yake, ukiuliza inapanga ipi ije juu. Wikipedia watu wanakaa chini wanaandika. Msimu wa korosho ukifika, nani ataiuliza Wikipedia bei ya mnada wa vyama vyetu vya ushirika, MAMCU au TANECU, wiki hii? Hata Google kwenye hilo inazidiwa na magrupu ya WhatsApp, ila hayo ni mengine.

Na waliojaribu kuvuka mpaka wameumia. Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, alifungua injini yake ya utafutaji, Wikia Search, mwaka 2008. Mwaka uliofuata ikafungwa. Google nao mwaka huohuo 2008 wakaja na Knol, mahali pa wataalamu kuandika makala zao kwa majina yao. Kufika 2012 imezimwa. Kila aliyevamia shamba la mwenzake alitoka mikono mitupu.

BintiMikindani
Fundi, mpaka huo ulikuwepo zamani. Siku hizi ukitafuta jina la mtu au mji, Google inakuwekea kisanduku cha maelezo. Kilianza 2012, na maelezo mafupi ya mle mara nyingi yametoka Wikipedia. Mwaka 2022 Google wakawa wateja wa kulipia wa Wikimedia Enterprise, huduma iliyoundwa mahususi kwa makampuni yanayochukua data ya Wikipedia kwa wingi. Kwa hiyo huyo mwanafunzi wa Mwalimu huenda anasoma Wikipedia kila siku bila kujua, tena imeshakatwa tanbihi. Na sasa juu yake kuna muhtasari wa akili mnemba. Mimi naona bora waende kisimani wenyewe.

Kijana_Mitwero
Nimejaribu usiku huu kwa kitu cha kwetu Lindi: Tendaguru, kilikochimbwa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria).

Google imeniletea kisanduku, kisha habari za magazeti kuhusu mjusi huyo arudishwe kutoka Ujerumani au asirudishwe, kisha video. Kwa mtu anayetaka mjadala wa leo, hapo amefika.

Wikipedia ya Kiingereza ndiyo imenikalisha. Uchimbaji wa Wajerumani 1909 hadi 1913, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mifupa iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ina kimo cha zaidi ya mita 13. Halafu jambo ambalo sikulikuta kwenye notisi zangu za sekondari: mjusi huyo Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, lakini wataalamu wengi sasa wanamwita Giraffatitan, kwa kuwa wameona anatofautiana na Brachiosaurus wa Marekani. Unabonyeza namba ndogo, unaona nani amesema na lini. Google sikuipata hiyo mpaka niliposhuka chini, na nani anashuka chini?

Britannica fupi, Kiingereza kimenyooka, ina wahariri wanaojulikana. Ila matangazo yake yanakula MB.

Wikipedia ya Kiswahili... nimetafuta kata za kwetu. Unapewa jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya watu kwenye sensa, basi. Makala zimeshapita 80,000, nyingi ni za mistari miwili mitatu. Tusiilaumu sana, wa kuziandika ni sisi.

Mzee_Nyangao
Vijana mnasahau historia. Britannica ilianza Edinburgh mwaka 1768, ikaacha kuchapisha vitabu 2012. Microsoft walikuwa na ensaiklopidia yao, Encarta, tangu 1993, ya kwenye CD, picha na sauti humo humo. Tuliiona ni mwisho wa maneno. Wakaifunga 2009. Iliyoyaondoa hayo si Google peke yake. Wikipedia ilikuja 2001, ya bure, na kila mtu anaruhusiwa kuandika. Sisi walimu tuliicheka.

Chale_Msimbati
Mzee shikamoo. Hapo kwenye "kila mtu anaruhusiwa kuandika" ndipo mimi siwaamini. Mtu anaamka asubuhi anabadilisha tarehe.

Mzee_Nyangao
Marahaba. Akibadilisha, historia ya ukurasa inaonyesha kabadilisha nini na saa ngapi, na mwingine anarudisha. Kwenye makala zinazosomwa na wengi hurudishwa haraka. Makala ya kijiji isiyofunguliwa na mtu, hiyo kweli inaweza kukaa na uongo miaka. Wafundishe watoto kufungua ukurasa wa historia.

Dada_Shangani
Mtajadili mpaka kesho, watoto watafungua TikTok 😂

BintiMikindani
Dada 😂😂 Lakini Mwalimu, hilo swali lako la ukurasa wa kwanza usilione dogo. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa Apple, Samsung na wengine ili iwe chaguo la awali kwenye simu na vivinjari. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Watu hawalipi fedha hizo kwa jambo lisilo na maana. Wanajua kinachofunguka chenyewe ndicho kinachotumika. Tovuti za marejeo hazina fedha ya kununua mlango huo, wengi wanafika kwao kwa kupitia Google hiyohiyo. Chumbani kwako mlango ni wako, bure. Weka Wikipedia. Anayetaka matokeo ya mitihani ya NECTA au tangazo la ajira ataandika google mwenyewe.

Fundi_Ligula
Hapo nakubali nusu. Au weka DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji: ukitanguliza alama ya mshangao na herufi w kabla ya neno, inakupeleka Wikipedia moja kwa moja. Unapata vyote viwili. Kasoro yake, kwa mambo ya Kiswahili matokeo yake ni hafifu, mengi inayachukua Bing, injini ya Microsoft.

Kilwa_Masoko_01
Wote mnazungumza kama vile mtandao upo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kimepita, barabara imekatika Somanga, siku chache baadaye kebo za baharini nazo zikakatika. Kituo chetu tulikuwa na programu ya Kiwix, Wikipedia nzima kwenye flashi, haihitaji intaneti. Wanafunzi walisoma kama kawaida. Google huwezi kuiweka kwenye flashi. Kwa shule yenye bando la kuungaunga mimi naona ushindani umeishia hapo.

Mwl_Newala
Kilwa, umenimaliza. Basi naenda hivi: Kiwix ndiyo ifunguke kwanza kwenye kompyuta zote. Intaneti naiacha kwenye moja tu, ya mezani kwangu, kwa mambo ya habari na matangazo, na Google humo itabaki. Britannica nitaitumia mwenyewe kuandaa somo. Na Kidato cha Tatu nitawapa kazi ya kuandika makala ya kata yao kwa Kiswahili, tuone. Flashi ya ukubwa gani inatosha?

Kilwa_Masoko_01
Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia popote. Ya Kiingereza yenye picha ni zaidi ya GB 100, nunua ya 128 na uipime kabla hujaondoka dukani, feki ni nyingi. Kuna toleo lisilo na picha, jepesi zaidi. Na uifomati kwa mfumo wa faili wa exFAT. Ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, utakesha ukidhani flashi ni mbovu.