Naomba ushauri: kumsafirisha mama kwa ndege, Tanga hadi Pemba

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Mama anataka kwenda Chake Chake arusini, lakini bahari ya kusi haiwezi. Safari ya mwisho alitapika mpaka tukaogopa. Nimeona bora apande ndege.

Kwa mstari ulionyooka, uwanja wetu na wa Pemba haviachani sana, ni kama kilomita 85. Ndege ndogo ya Caravan huruka hizo kwa dakika 20 hivi. Hata chai haijapoa! Wasiwasi wangu ni pale ndege inapozungukia Unguja kwanza: Tanga-Unguja kama kilomita 125, Unguja-Pemba nazo karibu hizo hizo. Ni mara tatu ya njia, bado kusubiri.

Mliowahi kusafiri karibuni, mlikwenda moja kwa moja au kupitia Unguja? Tufike uwanjani saa ngapi kabla? Na mama magoti yanamsumbua, vile vingazi vya ndege ndogo atapandaje? Mzigo sina shaka nao sana, ingawa kwa mama yangu kanga za zawadi pekee zajaza begi.